NYAKATI TATU ZA EMBE: VINYWAJI, VITOWEO NA VITAMU VYA MSIMU WA JOTO

Kila mwaka, joto la Oktoba linapozidi na mawingu ya kwanza yanapoanza kukusanyika, miembe ya hapa Tabora huwa imekwisha jaa matunda. Novemba na Desemba huwa kama sikukuu. Watoto hula maembe asubuhi, mchana na jioni. Sokoni huuzwa kwa ndoo na kwa magunia. Hata mbuzi hupata fungu lao. Halafu, kabla watu hawajatosheka, msimu umekwisha, na mwembe husimama kimya mpaka mwaka mwingine.

Lakini ukipita chini ya miembe hiyo wakati wa msimu, utaona jambo la kusikitisha. Maembe yameanguka, yamepasuka, yameoza, na nzi wamejaa. Mti mmoja mkubwa waweza kuangusha kwa siku moja maembe mengi kuliko wawezayo kuyala watu wa nyumba nzima. Mvua zikianza, uozo ule huwa uchafu wa hatari karibu na milango yetu. Na lililo baya zaidi ni hili: mwenye mti akiona kwamba kila mwaka kazi yake ni kufagia uozo, huanza kuutazama mwembe wake kama gunia la mkaa. Miembe mingi mizee imekatwa kwa sababu hiyo, na mwembe uliokatwa leo hauwezi kurudishwa kwa miaka michache.

Nia ya makala haya ni kueleza kwamba chanzo kikubwa cha hasara hii ni desturi yetu ya kulijua embe kwa wakati mmoja tu, yaani wakati limeiva. Embe lina nyakati tatu: wakati wa uchanga, wakati wa upevu na wakati wa kuiva. Kila wakati una kazi yake jikoni. Mtu azijuaye nyakati hizi tatu huanza kula na kuweka akiba mapema, akaendelea mpaka embe la mwisho, na miezi miwili ya msimu ikamtosha kwa muda mrefu.

UJUZI WA ZAMANI

Mambo haya si mageni katika Afrika ya Mashariki. Asili ya mwembe ni Bara Hindi na nchi za jirani yake, na miti hiyo ilifika pwani yetu zamani sana kwa njia ya vyombo vya baharini. Msafiri mashuhuri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Mogadishu karibu na mwaka 1331, kabla ya kuendelea mpaka Mombasa na Kilwa. Katika habari za safari yake alieleza kwamba watu wa Mogadishu walikula wali pamoja na vitoweo vikali vya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Akaeleza pia kwamba tunda lile likiiva huwa tamu sana na huliwa kama matunda mengine, lakini kabla ya kuiva huwa kali kama ndimu, na watu hulitia katika siki. Basi, karibu miaka 700 iliyopita, watu wa pwani hii walikwisha jua kwamba embe moja lina kazi zaidi ya moja.

Kutoka pwani, mwembe uliingia bara. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ya pembe na ya watumwa ilipita kutoka Bagamoyo, ikafika Tabora, ikaendelea mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Katika njia hiyo ya huzuni ilistawi miembe mingi, na mingine mikubwa yaonekana mpaka leo. Wazee husimulia kwamba miti mingine iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi na watumwa waliokuwa wakipita. Miti ilisafiri mpaka bara. Lakini mapishi yake, kama nionavyo mimi niliyezaliwa mkoa wa Tanga, hayakusafiri yote pamoja nayo. Wenzangu wengi katika bweni walicheka nilipowaambia kwamba kwetu embe hutiwa katika mchuzi wa samaki. Ndiyo maana nimeona yafaa kuyaandika mapishi haya hapa.

MAMBO YANAYOTUKIA NDANI YA EMBE

Kabla ya kushika kisu, yafaa tujue kwa nini embe hubadilika. Embe bichi lina asidi nyingi, na ndiyo sababu ya ukali wake. Kadiri linavyopevuka hujaza wanga. Likianza kuiva, wanga ule hugeuka kuwa sukari, asidi hupungua, nyama hulainika, na rangi ya kijani ndani yake huwa ya manjano.

Mwanafunzi yeyote wa baiolojia aweza kujionea mwenyewe. Kata kipande cha embe pevu lisiloiva na kipande cha embe bivu, kisha tia tone la iodini juu ya kila kimoja. Kile cha embe pevu kitakuwa cheusi chenye rangi ya buluu, maana kina wanga. Kile cha embe bivu hakitabadilika sana, kwa sababu wanga umekwisha kuwa sukari. (Vipande hivyo visiliwe baada ya jaribio.)

Chakula kilichomo nacho hubadilika. Embe bichi kwa kawaida huwa na vitamini C nyingi kuliko embe bivu. Embe bivu nalo lina karotini nyingi, ambayo ndiyo rangi yake ya manjano, na mwili wetu huigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hiyo hulinda macho, na mtu aliyeikosa sana huona kwa shida wakati wa giza. Kwa hiyo hakuna wakati ambao embe halina faida.

WAKATI WA KWANZA: EMBE CHANGA

Embe changa ni lile ambalo kokwa lake bado ni laini na hukatika kwa kisu. Upepo wa mvua za kwanza huangusha maembe ya namna hii kwa mamia, na watu wengi huyaacha pale pale. Watoto huyala kwa chumvi na pilipili, na kila msomaji ajua utamu wake. Sina haja ya kueleza. Nitaeleza mambo matatu mengine.

Kachumbari ya embe. Chukua maembe machanga 2, yamenye, uyakate vipande vyembamba kama njiti za kibiriti. Kata kitunguu maji 1 chembamba, ukioshe kwa maji ya chumvi ili kupunguza ukali wake. Changanya pamoja na nyanya 2, pilipili mbichi kidogo na chumvi. Usitie ndimu wala siki, kwa maana embe lenyewe latosha kwa ukali. Iache dakika 10, kisha uile kwa wali, ugali, samaki wa kukaanga au maharage.

Kwetu sisi tukaao bwenini, kachumbari hii ina faida zaidi ya ladha. Maharage yana madini ya chuma, ambayo mwili huyahitaji kwa kutengeneza damu. Lakini madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na jamii ya kunde hayaingii mwilini kwa urahisi. Vitamini C ikiliwa pamoja nayo katika mlo ule ule huusaidia mwili kuyapokea. Hivyo sahani ya maharage yenye kachumbari ya embe hutupa chuma zaidi kuliko sahani ile ile isiyo na kachumbari. Yafaa jambo hili likumbukwe zaidi na wasichana, maana mahitaji yao ya chuma ni makubwa kuliko yetu wavulana.

Embe katika mchuzi. Pwani, embe changa hushika mahali pa ndimu au ukwaju katika mchuzi wa samaki wa nazi. Kaanga vitunguu, vitunguu saumu, nyanya na bizari; tia tui jepesi pamoja na vipande vya embe, uache vichemke mpaka vilainike. Kisha tia samaki, na mwisho kabisa tui zito. Baada ya kutia tui zito, koroga polepole na moto uwe mdogo, maana ukali wa embe na moto mkali huweza kulikata tui. Mahali pasipo nazi, karanga zilizosagwa zafaa, na samaki wa ziwani hupatana na embe kama wale wa baharini.

Sharubati ya embe bichi. Kinywaji hiki hutumiwa sana India wakati wa joto kali, nako huitwa panna. Chukua maembe mabichi 3 ya kadiri, yaoshe, uyachemshe mazima pamoja na maganda kwa dakika 20 mpaka 30, mpaka yalainike kabisa. Yakipoa, yamenye, uikamue nyama yote na kuitupa kokwa. Ponda nyama hiyo, tia sukari vijiko 6 vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, na kijiko 1 cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa. (Bizari nyembamba ndiyo ile iitwayo uzile huko Unguja.) Chukua vijiko 3 vya mchanganyiko huo katika gilasi, ujaze maji safi yaliyopoa, ukoroge, unywe.

Mtu aliyelima au kucheza mpira juani hupoteza maji na chumvi pamoja kwa jasho. Maji matupu hurudisha maji, lakini kinywaji hiki hurudisha na chumvi kidogo, tena sukari yake humpa nguvu. Ndiyo maana watu wa nchi za joto wamekipenda kwa muda mrefu.

WAKATI WA PILI: EMBE PEVU

Embe pevu ni lile lililokwisha kukua lakini halijalainika. Utalitambua kwa mabega yake: sehemu iliyo karibu na kikonyo huvimba na kuinuka, hata kikonyo kikaonekana kama kimezama. Kokwa lake ni gumu, na nyama iliyo karibu na kokwa imeanza kuwa ya manjano. Wakati huu ndio wenye thamani kubwa kwa mtu atakaye akiba, lakini ndio usiojulikana sana.

Achari. Chukua maembe mapevu 10, yaoshe, uyakaushe kwa kitambaa safi, uyakate vipande pamoja na maganda. Changanya na chumvi nusu kikombe na manjano kijiko 1 cha chakula, ufunike usiku kucha. Asubuhi utakuta maji mengi yametoka. Yamwage, kisha uvianike vipande juani siku 1 au 2 chini ya kitambaa chembamba, mpaka vikunjamane. Pasha moto mafuta ya kupikia vikombe 2, epua, na yakipungua moto tia mbegu za haradali vijiko 2, uwatu uliosagwa kijiko 1 cha chai, pilipili ya unga vijiko 2, na punje za vitunguu saumu. Yakipoa kabisa, changanya na vipande vya embe pamoja na siki kikombe 1. Jaza katika chupa ya mdomo mpana iliyochemshwa na kukauka, na hakikisha mafuta yamevifunika vipande vyote. Iache wiki 2 kabla ya kuifungua.

Kwa nini achari haiozi? Sababu ni nne, na kila moja ni mlinzi. Chumvi huvuta maji kutoka katika embe, na vijidudu viozeshavyo chakula haviwezi kuishi pasipo maji. Jua hukamilisha kazi ya chumvi. Siki ina asidi ambayo vijidudu vingi haviipendi. Mafuta nayo huzuia hewa isifike, hata ukungu ukakosa mahali pa kuota. Mtu apunguzaye chumvi au mafuta kwa ubahili huwa amemfukuza mlinzi mmoja, asishangae mwivi akiingia. Kadhalika, chota achari kwa kijiko kikavu siku zote. Tone moja la maji laweza kuharibu chupa nzima.

Chatne. Hii ni nyepesi zaidi kwa mpishi mwanagenzi. Pima nyama ya maembe mapevu kilo 1 iliyokatwa vipande vidogo, sukari nusu kilo, siki kikombe 1 na nusu, kitunguu maji 1 kilichokatwa, punje 6 za vitunguu saumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, pilipili 2 na chumvi kijiko 1 cha chakula. Tia vyote katika sufuria, pika kwa moto mdogo muda wa saa 1 hivi, ukikoroga mara kwa mara ili isishike chini. Ikiwa nzito kama uji mzito, itie ingali moto katika chupa zilizochemshwa, ufunge mara moja. Usiiache chatne wala achari ilale katika sufuria ya aluminiamu, kwa maana asidi hula madini ya sufuria. Chatne huliwa kwa chapati, sambusa, nyama ya kuchoma, hata viazi vya kuchemsha.

Kuvundika. Maembe mapevu yanayobaki yasiachwe mtini mpaka yaanguke. Yachume pamoja na kikonyo kifupi, uyapange katika sanduku au kapu lenye majani makavu, ufunike. Mama zetu huita jambo hili kuvundika, na sayansi imeeleza siri yake. Tunda linaloiva hutoa hewa iitwayo ethilini, na hewa hiyo huyahimiza matunda mengine yaive. Kikifunikwa, chombo huihifadhi hewa hiyo. Ukitaka haraka, weka ndizi zilizoiva katikati ya maembe. Ukitaka kuchelewesha, yatandaze mahali penye ubaridi na upepo, ukiondoa kila lililoiva. Hivyo kapu moja huiva leo na jingine wiki ijayo, wala hayaivi yote kwa siku moja.

WAKATI WA TATU: EMBE BIVU

Wakati huu kila mtu aujua, kwa hiyo nitaeleza tu jinsi ya kuutumia vizuri.

Sharubati ya embe bivu. Maembe madogo ya kienyeji yana nyuzi nyingi, lakini utamu wake ni mkubwa, na sharubati ndiyo kazi yake hasa. Yale makubwa, kama dodo na boribo, yafaa zaidi kukatwa na kuliwa kwa sahani. Menya maembe 4 au 5, ponda nyama yake kwa mkono safi au kwa mwiko, tia maji yaliyochemshwa na kupoa lita 1, kisha chuja kwa chujio. Tia maji ya ndimu 1, tangawizi iliyopondwa na kukamuliwa, na asali vijiko 2 au sukari kidogo. Asali ya Tabora ina sifa kubwa, na hapa ndipo mahali pake. Watu wengi hutia sukari kabla ya kuonja. Embe lililoiva vizuri mara nyingi halihitaji.

Maziwa ya mgando na embe. Kinywaji hiki kinashiba kama chakula, na India huitwa lassi. Tia katika jagi vikombe 2 vya maziwa ya mgando, kikombe 1 cha nyama ya embe bivu iliyochujwa, asali vijiko 2, chembe ya chumvi na iliki kidogo iliyosagwa. Pekecha kwa kipekecho mpaka povu lipande. Mashine ya umeme haihitajiwi. Uchachu wa maziwa na utamu wa embe hupatana ajabu.

Embe kwa wali na tui. Watu wa Thailand hula wali mtamu wenye kunata pamoja na embe bivu, na mchele wetu waweza kutoa kitamu kama hicho. Chemsha kidogo tui zito kikombe 1, sukari vijiko 2 na chembe ya chumvi. Mimina nusu yake juu ya wali mweupe wa moto uliopikwa laini, ufunike dakika 15. Pakua wali kidogo kidogo, panga vipande vya embe kando yake, umwagie tui lililobaki. Sahani hii yafaa kwa wageni, nayo haina kazi nyingi.

Barafu ya embe. Palipo na friji, ponda nyama ya embe bivu, changanya na maziwa au tui na sukari kidogo, ujaze vikombe vidogo, utie vijiti, ugandishe. Watoto hawatauliza aiskrimu ya dukani.

Jamu. Embe bivu lina upungufu wa asidi, na pia wa pektini, yaani kile kitu kinachoifanya jamu igande. Lakini embe pevu linavyo. Kwa hiyo changanya kilo 1 ya nyama ya embe bivu na embe pevu 1 lililokunwa, maji ya ndimu 2 na sukari robo tatu ya kilo. Pika ukikoroga. Ili kuijaribu, dondosha tone juu ya sahani baridi, usukume kwa kidole. Tone likijikunja, jamu imekuwa tayari.

Embe kavu. Zaidi ya sehemu 8 katika kila 10 za nyama ya embe bivu ni maji. Ukiyaondoa, gunia zima hugeuka kuwa mfuko mdogo usiooza upesi. Chagua maembe yaliyoiva lakini yangali magumu kidogo. Kata vipande vyenye unene wa nusu sentimita, vichovye katika maji yenye ndimu ili visiwe vyeusi, uvipange juu ya wavu safi ulioinuliwa kutoka ardhini, ufunike kwa chandarua kuzuia nzi. Vigeuze mara kwa mara, uviingize ndani jioni kabla ya umande. Baada ya siku 2 au 3 za jua kali vitakuwa kama ngozi laini: vyakunjika lakini havinati. Viweke katika chombo kikavu chenye kifuniko. Mvua ndiyo adui wa kazi hii; kwa hiyo anza mapema msimuni, au tumia siku za jua katikati ya mvua.

TAHADHARI

Msimu wa maembe na msimu wa mvua hukutana, na mvua huleta maji machafu visimani. Kipindupindu na magonjwa ya kuhara huenea kwa maji na mikono michafu. Basi maji ya sharubati yachemshwe, na barafu itokane na maji yaliyochemshwa. Mikono, kisu na maembe yenyewe yaoshwe kwa maji safi. Embe lililopasuka chini lisitumiwe kwa kinywaji. Sharubati inywewe siku ile ile, maana hata ikiwa tamu huanza kuchacha upesi kwa joto letu.

Tahadhari ya pili ni utomvu. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu utokao kwenye kikonyo huweza kuunguza midomo na ngozi. Ukichuma embe, ligeuze kichwa chini utomvu utiririke, kisha ulioshe kabla ya kulimenya kwa meno.

NENO LA MWISHO

Tuchukue mwembe mmoja tu nyuma ya nyumba. Maembe yake machanga yaliyoangushwa na upepo yawe kachumbari na panna. Yakipevuka, ndoo moja au mbili zitengwe kwa achari na chatne. Yanayoiva yaliwe na yauzwe, na yale yasiyoliwa wala kuuzwa yakaushwe au yafanywe jamu kabla hayajaanguka. Ikifanywa hivyo, hakuna la kufagia ila majani. Machi, wakati sokoni hakuna embe, kutakuwa na chupa rafuni. Mboga ikiwa haba, kijiko cha achari kitaupa ugali ladha. Na zikizidi chupa mbili tatu, zitauzwa, na fedha yake itanunua madaftari.

Tena mwenye mti hataunoa shoka. Mtu hakati kitu kinachomlisha mwaka mzima. Kila mmoja wetu atakwenda nyumbani likizo ya Desemba, na wengi wetu tutaukuta msimu ungali mbichi. Yafaa kila msomaji achague jambo moja tu katika haya, alifanye pamoja na mama yake au dada zake, na wavulana wasione haya kushika mwiko. Wahenga walisema akiba haiozi. Embe huoza upesi kuliko matunda mengi. Lakini kwa chumvi kidogo, jua kidogo na maarifa kidogo, hata embe laweza kuwa akiba.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV